Majivu, Mkojo na Damu: Historia ya Mlo wa Alkali kama Dawa ya Unene

Mlo wa alkali ni utaratibu wa kula unaowataka watu wajaze sahani zao mboga, matunda na mizizi, na wapunguze au waache kabisa nyama, samaki, mayai, jibini, nafaka, sukari na pombe, kwa hoja kwamba vyakula vya kundi la kwanza huuachia mwili alkali na vya kundi la pili huutia asidi, na kwamba asidi hiyo ndiyo chanzo cha unene na cha maradhi mengi. Asidi ni kemikali ya jamii ya siki na maji ya ndimu. Alkali ni kinyume chake, yaani kemikali inayoizimua asidi, na katika majiko ya Afrika Mashariki inajulikana tangu zamani, kwa kuwa magadi yanayolainisha maharage na maji yanayochujwa kwenye majivu ili kupikia mboga za majani yote ni alkali. Nguvu ya asidi au ya alkali hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, kilichobuniwa mwaka 1909 na mkemia Søren Sørensen katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, ambacho namba 7 ni hali ya kati, chini yake ni asidi na juu yake ni alkali. Ijapokuwa mlo huu hutangazwa kama ugunduzi wa juzi, fikra ya kuupunguza unene kwa alkali ina umri wa zaidi ya karne mbili na nusu, na historia yake inaonyesha kwamba mara nyingi ilijengwa juu ya vipimo vya kweli vilivyosomwa mahali pasipo pake: kilichopimwa katika majivu kilidaiwa kuwamo mwilini, na kilichopimwa katika mkojo kilidaiwa kuwamo katika damu.

Hatua ya kwanza inayojulikana vizuri ni ya tabibu Mskoti Malcolm Flemyng, ambaye mwaka 1760 alichapisha kitabu kidogo kuhusu asili, sababu na tiba ya unene, na humo akapendekeza wanene wanywe sabuni. Pendekezo hilo lilitokana na kemia ya wakati wake, wala halikuwa upuuzi. Sabuni hutengenezwa kwa kuchanganya mafuta na alkali, nayo ina uwezo wa kuyafanya mafuta yachanganyike na maji. Kwa hiyo Flemyng aliona kwamba sabuni ikiingia mwilini ingeyafanya mafuta yaliyojilimbikiza yayeyuke katika majimaji ya mwili na kutoka kwa njia ya mkojo. Kosa lake lilikuwa kuuona mwili kama chombo kisicho na mifereji ya kuamua kipi kiingie na kipi kitoke, kwa maana sabuni iliyomezwa hukutana kwanza na asidi kali ya tumboni, ambayo huivunja kabla haijafika penye mafuta yoyote ya mwili.

Katika karne ya 19 sabuni ilifuatwa na maji ya potashi, yaani alkali kali iliyozimuliwa kwa maji mengi na kunywewa kwa vijiko, ambayo daktari Thomas King Chambers wa London aliipendekeza katika mihadhara yake juu ya unene iliyochapishwa mwaka 1850. Ushahidi ulio wazi zaidi wa namna dawa hiyo ilivyofanya kazi, au tuseme ilivyoshindwa, uliandikwa na mgonjwa mwenyewe. William Banting, mkazi wa London aliyekuwa na shughuli ya kuandaa mazishi, alieleza katika kijitabu chake cha mwaka 1863 kwamba kwa miaka mingi alijaribu maji ya potashi, safari za kwenda kwenye chemchemi za tiba, kupiga makasia na kupanda farasi, bila mafanikio ya kudumu, mpaka daktari wa masikio William Harvey alipomkataza mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi, na kumruhusu nyama na samaki kwa wingi. Katika muda wa mwaka mmoja hivi alipungua karibu paundi 46, yaani kama kilo 21, na kijitabu chake kikasomwa hata nje ya Uingereza. Jambo hili linastahili kukumbukwa katika kila mjadala wa mlo wa alkali, kwa sababu mlo wa kwanza wa kupunguza uzito uliopata umaarufu mkubwa ulikuwa wa nyama na samaki, yaani vyakula ambavyo majedwali ya baadaye yangeviweka miongoni mwa vinavyotia asidi zaidi, na ulifanikiwa kwa mtu yuleyule ambaye alkali ilikuwa imemshinda.

Wakati Banting akisifiwa London, msingi wa kisayansi wa mlo wa alkali ulikuwa ukiwekwa Paris, na aliyeuweka hakuwa na nia hiyo. Claude Bernard, mmoja wa waasisi wa fiziolojia, yaani elimu ya kazi za viungo vya mwili, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1865 kuhusu tiba ya majaribio jinsi sungura walioletwa maabara kutoka sokoni walivyokojoa juu ya meza, naye akashangaa kuona mkojo wao ni mwangavu na una asidi, kama ule wa wanyama walao nyama, ilhali mkojo wa sungura kwa kawaida huwa wa rangi ya tope na una alkali. Bernard alihisi kwamba sungura hao walikuwa hawajalishwa kwa muda mrefu. Alipowapa majani, mkojo wao ukarudi kuwa na alkali, alipowanyima chakula ukawa na asidi tena, na alipowalisha nyama ya ng'ombe iliyochemshwa ukabaki na asidi muda wote walipoila. Hitimisho lake lilikuwa kwamba mnyama mwenye njaa huila nyama ya mwili wake mwenyewe, na kwa hali hiyo hata mla majani huwa mla nyama kwa muda.

Jaribio hilo lilithibitisha mambo mawili, na wafuasi wa mlo wa alkali walilichukua moja tu. La kwanza ni kwamba chakula hubadilisha pH ya mkojo, na hilo ni kweli hadi leo. La pili, ambalo lina uzito mkubwa zaidi kwa suala la unene, ni kwamba mwili unaopungua hutoa asidi: mtu anayekula pungufu ya mahitaji yake huchoma mafuta na protini za mwili wake, na mabaki ya uchomaji huo, ambayo ni ya asidi, hutoka kwa mkojo. Kwa hiyo mtu anayepungua uzito kwa kasi na kupima mkojo wake kwa karatasi ya pH, kama anavyoshauriwa na vitabu vya mlo wa alkali, anaweza kuiona asidi ikiongezeka wakati uleule anapofanikiwa, akadhani ameshindwa.

Kutoka kwenye mkojo historia ilihamia kwenye majivu. Wakemia wa karne ya 19 walizoea kuchoma sampuli ya chakula mpaka ibaki majivu, kisha kuyayeyusha majivu hayo katika maji na kupima kama ni ya asidi au ya alkali, wakiamini kwamba uchomaji wa maabara unafanana na uchomaji wa chakula mwilini. Vyakula vyenye salfa, fosforasi na klorini nyingi, kama nyama, samaki, mayai na nafaka, vilitoa majivu ya asidi. Vyenye potasiamu, kalsiamu na magnesiamu nyingi, kama mboga na matunda, vilitoa majivu ya alkali. Ndiyo maana ndimu na limau, ijapokuwa ni chachu mdomoni, huwekwa katika orodha ya alkali: asidi yake ya kimatunda huchomwa mwilini mpaka iwe maji na hewa ya kaboni dayoksaidi, na kinachobaki ni potasiamu. Ragnar Berg, mkemia mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi karibu na Dresden katika nyumba ya tiba iliyoanzishwa na Heinrich Lahmann, alichapisha majedwali marefu ya vyakula kwa kigezo hicho, na mwaka 1912 Henry Sherman na Alexander Gettler wa New York walitoa majedwali kama hayo katika jarida la kemia ya viumbe, wakiyaambatanisha na vipimo vya namna mwili unavyoiondoa asidi ya ziada. Hawa walikuwa wanasayansi waangalifu, na majedwali yao hayakuahidi kumpunguza mtu hata kilo moja.

Kilichogeuza majedwali kuwa tishio ni hofu iliyotoka mahali pengine kabisa. Mwaka 1874 daktari Mjerumani Adolf Kussmaul alieleza upumuaji wa kina na wa taabu wa wagonjwa wa kisukari waliokaribia kufa, na baadaye Bernhard Naunyn akaipa hali hiyo ya damu kuzidiwa na asidi jina la asidosisi. Asidosisi ya kisukari ilikuwa halisi na ya kuua, hasa kabla ya insulini kupatikana mwanzoni mwa miaka ya 1920, na kwa sababu hiyo jina lake lilibeba kitisho ambacho watu wa biashara hawakuchelewa kukitumia. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wakulima wa matunda wa California, waliouza machungwa na malimau yao kwa jina la Sunkist, walitangaza kwamba uchovu na maumivu madogo madogo ya mtu mwenye afya ni dalili za asidosisi, na kwamba juisi ya machungwa ni kinga. Mwaka 1931 vidonge vya Alka-Seltzer viliingia sokoni na matangazo yake yakawahimiza Wamarekani watafute alkali. Ugonjwa wa watu wachache walio mahututi ulikuwa umegeuzwa kuwa hali ya kila mtu, na mgeuzo huo, pengine kuliko jambo jingine lolote katika historia hii, ndio uliolipa wazo la mlo wa alkali maisha marefu.

Lililo la kusikitisha ni kwamba jibu lilikuwa limekwisha kupatikana. Kuanzia mwaka 1908 Lawrence Henderson wa Chuo Kikuu cha Harvard, na baada yake Karl Hasselbalch wa Copenhagen, walieleza jinsi damu inavyojilinda kwa bikabonati, yaani chumvi ya alkali iliyoyeyuka ndani yake, ambayo huikamata asidi mara inapoingia. Bikabonati inapoikamata asidi hutokea kaboni dayoksaidi, mapafu huitoa kwa pumzi, na figo huirudisha bikabonati iliyotumika na kuitupa asidi iliyobaki kwenye mkojo. Kwa ulinzi huo pH ya damu ya mtu mzima mwenye afya hukaa kati ya 7.35 na 7.45, ale nyama au ale mchicha, na ikipanda juu ya hapo huwa ni ugonjwa, unaoweza kuleta ganzi na mikazo ya misuli, sawa na inaposhuka. Vipimo vya baadaye vilionyesha ukubwa wa kazi hiyo: uchomaji wa chakula mwilini huzalisha kila siku karibu milimoli 15,000 za kaboni dayoksaidi, milimoli ikiwa ni kipimo cha wingi wa kemikali, ilhali asidi ya kudumu inayotokana na mlo wa kawaida wenye nyama ni milimoli 50 hadi 100 tu. Mkojo wenye asidi, kwa hiyo, ni alama ya figo zinazofanya kazi yake, na kuuona kama ushahidi wa damu iliyoharibika ni sawa na kuona jaa limejaa taka nje ya nyumba na kuhitimisha kwamba nyumba ni chafu.

Aliyeunganisha majivu, hofu ya asidosisi na tamaa ya kupungua uzito alikuwa William Howard Hay, daktari Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1866 na kuhitimu udaktari New York mwaka 1891. Hay aliugua figo, shinikizo la damu na moyo uliotanuka akiwa katika umri wa makamo, akajiwekea mlo mpya, na kwa maelezo yake mwenyewe alipona na kupungua kama paundi 50. Mwaka 1929 alitoa kitabu cha afya kupitia chakula, na katika miaka ya 1930 aliwapokea wagonjwa katika nyumba yake ya tiba kwenye milima ya Pocono, Pennsylvania. Mafundisho yake yalisema kwamba mwili hujaa asidi kwa sababu nne: kula nyama nyingi mno, kula wanga na sukari vilivyokobolewa, kuchanganya vyakula visivyopatana, na choo kukaa tumboni zaidi ya saa 24. Aliagiza sehemu nne kati ya tano za chakula ziwe za alkali, na wanga usiliwe pamoja na protini wala pamoja na matunda machachu, kwa dai kwamba wanga huhitaji alkali ili kumeng'enywa na protini huhitaji asidi, hivyo vikikutana tumboni hubatilishana na kuchacha. Jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilimpinga waziwazi, lakini vitabu vyake viliendelea kuuzwa, na mwandishi Doris Grant alivifufua Uingereza, hata kitabu chake na Jean Joice cha mwaka 1984 juu ya upangaji wa vyakula kikapata wasomaji wengi.

Hoja ya kutenganisha vyakula haihitaji maabara kubwa kuijibu. Kongosho, tezi iliyo nyuma ya tumbo, humwaga ndani ya utumbo mdogo vimeng'enya vya wanga, vya protini na vya mafuta kwa pamoja, katika majimaji ya alkali yanayoizimua asidi ya tumboni, na hufanya hivyo kwa kila mtu na kwa kila mlo. Aidha vyakula vyenyewe havikuumbwa vikiwa vimetenganishwa: maharage, kunde na choroko zina wanga na protini ndani ya punje moja, na kwa kanuni ya Hay makande ya mahindi na maharage, chakula kilichoshibisha vizazi vya wakulima wa Kilimanjaro na Upareni, yangekuwa sumu. Ukulima wa Waafrika wa Mashariki, kama ule wa Waamerika wa kale waliopanda mahindi na maharage katika shamba moja, ulijengwa juu ya mchanganyiko ambao Hay aliukataza, na mchanganyiko huo ni wa faida, kwa kuwa protini ya nafaka hukamilishwa na ile ya jamii ya kunde.

Swali la uzito lenyewe lilipimwa kwa uangalifu mjini Geneva, ambako Alain Golay na wenzake walichapisha mwaka 2000 jaribio lililowahusisha watu 54 wenye unene, wote wakila kilokalori 1,100 kwa siku kwa wiki 6, kundi moja likitenganisha vyakula na jingine likila mlo uliochanganywa kwa uwiano wa kawaida. Waliotenganisha walipungua wastani wa kilo 6.2 na waliochanganya kilo 7.5, na tofauti hiyo haikuwa kubwa kitakwimu. Mlo wa Hay ulipunguza uzito, na wafuasi wake hawakuwa waongo waliposema hivyo. Uliupunguza kwa sababu mtu anayejaza sahani mboga na kuondoa keki, bia na nyama za mafuta hula nishati kidogo zaidi, nishati ikiwa ni ule uwezo wa chakula kuupa mwili nguvu unaopimwa kwa kilokalori.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 wazo la mlo wa alkali lilipata makao mapya katika elimu ya mifupa. Mwaka 1968 Amnon Wachman na Daniel Bernstein walipendekeza katika jarida la Lancet kwamba mlo wa asidi huwalazimu watu watumie kalsiamu ya mifupa yao kuizimua asidi hiyo kwa miaka mingi, hadi mifupa inakonda. Dhana hiyo ilikuwa ya busara na ilistahili kupimwa, ikapimwa, na mwaka 2011 uchambuzi wa Tanis Fenton wa Chuo Kikuu cha Calgary na wenzake haukupata ushahidi kwamba asidi ya chakula ndiyo inayosababisha mifupa kukonda. Kabla ya uchambuzi huo, Thomas Remer na Friedrich Manz wa Dortmund walikuwa wametoa mwaka 1995 jedwali bora kuliko yote yaliyotangulia, linalokadiria mzigo wa asidi ambao gramu 100 za kila chakula huupa figo, likizingatia pia ni kiasi gani cha protini na madini hufyonzwa utumboni. Jedwali hilo lilikusudiwa kwa watafiti wa figo na mkojo, lakini likawa nguzo ya vitabu vya kupunguza uzito, ingawa usomaji wa dakika chache ungetosha kuonyesha kwamba haliwezi kufanya kazi hiyo. Zabibu kavu zimepewa namba hasi 21.0, yaani zina alkali kupita mchicha ulio na hasi 14.0 na kupita kwa mbali tango lenye hasi 0.8, ilhali gramu 100 za zabibu hizo zina karibu kilokalori 300 na za tango zina 15 hivi. Sukari nyeupe ina hasi 0.1 na mafuta ya zeituni yana sifuri, hivyo kwa kipimo cha asidi pekee hayana lawama, ijapokuwa gramu 100 za mafuta zina karibu kilokalori 900. Anayetaka kupungua na kufuata namba hizo kwa uaminifu angeweza kunenepa bila kuvunja kanuni hata moja.

Hata hivyo mwaka 2002 Robert Young wa Marekani, mtu asiye na leseni ya udaktari, alitoa pamoja na mkewe kitabu kilichodai kwamba asidi ndiyo chanzo cha maradhi, na mwaka 2005 wakafuata na kingine mahsusi kwa kupunguza uzito, kikifundisha kwamba mwili hujiwekea mafuta ili kujikinga na asidi. Dai hilo linapingana na fiziolojia ya sungura wa Bernard, na halina jaribio lolote la kuaminika nyuma yake. Young hakuishia kwenye uzito. Katika shamba lake huko Valley Center, California, aliwapokea wagonjwa mahututi, wakiwemo wa saratani, akiwatibu kwa bikabonati ya mishipani, na mwaka 2016 mahakama ilimtia hatiani kwa kutibu bila leseni, akahukumiwa mwaka uliofuata kifungo cha miaka mitatu na miezi minane. Mwaka 2018 jopo la wazee wa baraza liliamuru mwanamke mmoja mwenye saratani, aliyekuwa ameacha tiba ya hospitali kwa kumwamini, alipwe dola milioni 105. Mapitio ya Fenton na Tian Huang yaliyotoka mwaka 2016, yaliyotafuta ushahidi wa uhusiano kati ya mlo au maji ya alkali na saratani, yalikuta utafiti mmoja tu uliokidhi vigezo, nao haukuonyesha uhusiano.

Mahali ambapo asidi ya chakula ina uzito wa kweli ni kwa wagonjwa ambao figo zao zimedhoofika kiasi cha kushindwa kuitupa. Mwaka 2013 Nimrit Goraya na wenzake wa Texas walichapisha jaribio la mwaka mmoja kwa wagonjwa wa figo wa hatua ya nne, wengine wakipewa bikabonati ya kumeza na wengine matunda na mboga za kuongeza alkali, na makundi yote mawili yalipata nafuu ya asidosisi. Wagonjwa hao walichaguliwa kwa uangalifu, wakaachwa wale waliokuwa katika hatari ya kuwa na potasiamu nyingi katika damu, kwa sababu matunda na mboga zilezile zinazoleta alkali huleta potasiamu, na potasiamu isiyotolewa na figo dhaifu inaweza kuusimamisha moyo. Kwa hiyo mlo wa alkali, katika matumizi pekee ambayo tiba imeyathibitisha kwa majaribio ya namna hii, huandikwa na daktari baada ya kupima damu.